Pigo la Nane

Kwanza walikuwa watano, kule Burslem,
mji wa wafinyanzi, masizi yakikaa kwenye kola za mashati.
Wakajiita Tanuri la Saba
kwa kuwa sita za kiwanda cha kina Hulme zilishabomolewa
na hiyo moja, yenye ufa, ndiyo waliyoruhusiwa kufanyia mazoezi.

Mimi nilibeba kinanda.
Kilo mia na hamsini na tisa,
ngazi za kila ukumbi kutoka Hull hadi Utrecht.
Simo kwenye picha hata moja,
ila jalada la pili, ukitazama vizuri,
ule mkono ulioshika waya ni wangu.

Wimbo wao mkubwa ulikula upande mzima wa santuri:
mfinyanzi anafinyanga mwezi, unamvunjikia, anaanza tena.
Hesabu yake saba.
Mguu wa msikilizaji ulimsaliti,
ukashuka kutafuta la nane na kukuta hewa,
kama mtu ashukaye ngazi gizani
akidhani imebaki moja.
Wahakiki walisema hapo ndipo falsafa ilipo.

Kisha wakaanza kuondoka.
Gethin wa gitaa alioa, mkwewe akampa duka la mazulia.
Lionel Bagnall, sauti yetu, aliondoka tukiwa Ubelgiji,
katikati ya ubeti:
akalaza kipaza sauti chini kama anayelaza mtoto,
akatokea mlango wa jikoni.
Akaja Joost, Mdachi, aliyeimba maneno asiyoyaelewa
na labda kwa hiyo aliyaimba vizuri kuliko mwenyewe.
Wapiga besi nilihesabu hadi tisa nikachoka.
Wawili waliitwa Neville;
tukawaita Neville wa Kwanza na Neville wa Madeni.

Miaka ya themanini walikata nywele, wakakata na nyimbo,
dakika tatu tatu, makoti yenye mabega kama makabati.
Sitaki kuisema sana.

Mwaka wa tisini na moja Matanuri ya Saba yakawa mawili,
mawakili wanne, jaji mmoja mwenye mafua.
Tembo walipigana; nyasi nilikuwa mimi,
nikilipwa na hawa Jumanne
na wale Ijumaa.

Jana usiku walipiga Hanley.
Wote watano jukwaani
hawakuwa wamezaliwa santuri ya kwanza ilipotoka.
Kwenye foleni ya tiketi nikamwona Ambrose Tunnicliffe,
ngoma zetu za mwanzo, miaka sabini na nane,
kifaa cha kusikia sikio la kulia, akihesabu sarafu.
"Wataje jina lako, waingie nawe bure."
"Nimelitaja," akasema. "Kijana ameniuliza linaandikwaje."

Tukakaa nyuma, penye baridi ya mlango.
Kwenye ngoma alikuwa Nerys, miaka ishirini na sita,
aliyeyasomea haya chuoni, kwa daftari na mtihani.
Ukafika wimbo wa mwezi.
Moja, mbili, hadi saba,
na la nane akaliruka kwa adabu
kama mtu anayekwepa kukanyaga kaburi.

Ambrose akaniinamia.
"Kanyagio," akasema.
"Nini?"
"La ngoma kubwa. Siku ya kurekodi lililia kama panya, kila la nane.
Hatukuwa na pesa ya siku ya pili.
Fundi akakata utepe kwa wembe hadi asubuhi. Vipande mia mbili na kitu."

Nami nimewaona wapiga ngoma wanne
wakifukuzwa kwa kulijaza pengo lile.
Nimeona watu wamelichanja mkononi, kwa wino, kwa tarakimu.

Akacheka hadi kifaa kikapiga mluzi, mistari ya mbele ikageuka.
Kisha nikaona kiatu chake, kile cha kulia,
kikilipiga la nane sakafuni, polepole,
halafu kikachelewa, kikapotea, kikaacha.

Baadaye nikapanda kubeba kinanda.
Cha siku hizi kina kilo kumi na moja,
lakini magoti yangu hujikunja bado kwa ajili ya kile kingine.
Nerys alikuwa akikunja waya.
"Yule mzee aliyecheka nyuma, ni nani?"
"Mtu wa Burslem," nikasema,
nikainua upande wangu.